Nimepigwa laki na themanini mezani pale Mwanga, Kigoma: utamjuaje mzugaji wa pool kabla hajala hela yako?

#1 dagaa_mkavu (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu nimeukalia miezi mitatu kwa aibu. Leo nautoa kwa sababu jana nimemwona dogo mmoja wa bodaboda anaelekea kulekule nilikopita mimi.

Mimi nanunua dagaa mwalo wa Kibirizi, nakausha, napandisha treni. Wa Kigoma mnajua wiki ya mbalamwezi ilivyo. Mwezi ukijaa taa haina kazi ziwani, dagaa hawaufuati mwanga, mitumbwi inavutwa mchangani, na wavuvi wanapanda Mwanga na hela za wiki tatu mfukoni. Hiyo ndiyo wiki yetu ya kukaa mezani. Shikeni hilo, lina maana huko mbele.

Baa siitaji. Meza yenyewe ni ile ya sarafu, kitambaa kimechanika karibu na shimo la kushoto kikagandishwa na gundi, na inalala kidogo upande wa choo. Mwenyeji anajua ukipiga polepole kuelekea kule mpira unapinda wenyewe. Mimi pale ni mwenyeji. Siyo bingwa, ila kwa mtaa ule walionizidi hawafiki wanne.

Saa mbili usiku akaingia jamaa wa makamo, ovaroli ina grisi, kofia ya soksi, kachangamka. Akajitambulisha kwa kila mtu bila kuulizwa: utingo wa fuso, gari limekufa njia ya Kasulu, spea inakuja kesho. Kashika chupa ya bia. Kaangalia meza akasema, "Aisee, hii kitu mara ya mwisho nimecheza nikiwa kijana." Akaomba fimbo, akachukua ile iliyopinda ambayo sisi huwa hatuigusi.

Tukacheza ya elfu mbili. Nikamfunga. Ya pili nikamfunga. Ya tatu nikamfunga. Anacheka tu, anapiga watu mabega. Ya nne tukaweka elfu tano, akanifunga kwa bahati. Ya tano, tano tena, nikamfunga. Ya sita elfu kumi, nikamfunga. Nina faida ya elfu kumi na sita na mlevi wangu bado yuko mezani.

Nakula kwanza, narudi.

#2 Mwisho wa Reli

Siti ya mbele. Ila mkuu kichwa cha uzi kimeshatuambia mwisho, hapa tunasubiri namna tu ulivyochinjwa 😂

#3 mtoto_wa_katonga

Hiyo ovaroli ya grisi naifahamu harufu yake. Endelea.

#4 dagaa_mkavu

Nimerudi.

Akasema kesho ana safari, tupige moja ya elfu hamsini akalale. Mzee mmoja mwenye baraghashia, aliyekuwa kakaa pembeni na soda yake toka nilipoanza kushinda, akadakia: "Kijana ana mkono, mimi naweka kumi juu yake." Yaani juu yangu. Kichwa kikavimba.

Ile gemu nilibakiza mpira mmoja. Akafunga nyeusi, mpira wa mwisho, kwa kubahatisha, au ndivyo nilivyoona, maana iligonga kingo mbili ndiyo ikaingia. Watu wakapiga kelele, yeye mwenyewe kashika kichwa anashangaa. Nikarudisha hamsini. Akanifunga tena, safari hii kwa mpira mmoja tu ule ule wa kubakiza. Hapo nimeshatoka kwenye hela yangu, nimeingia kwenye hela ya dagaa.

Akanionea huruma. Akasema, "Mdogo wangu, sitaki ulale vibaya. Weka laki, mimi nakupa mipira miwili." Yaani nitoe mipira yangu miwili mezani kabla hatujaanza. Mlevi huyo! Nikaona Mungu kanikumbuka.

Wakuu, ile gemu ndiyo nilimwona mtu mwingine. Kofia ileile, ovaroli ileile, lakini aliinama mezani kidevu kikagusa fimbo, mkono wa kushoto ukatulia kama umepigwa msumari. Alifunga mipira minne bila kusema neno. Wa tano ulikuwa mbali, kona ya choo. Akaupiga, ukaingia, na nyeupe, ule mpira unaopigwa na fimbo, ikarudi nyuma meza nzima, ikaja kusimama karibu na mkono wake kama mbwa aliyeitwa.

Ile meza nimeicheza miaka saba. Sijawahi kuona nyeupe inarudi vile.

Nilipojumlisha, nilitoka na hasara ya laki moja na themanini na nne. Mzee wa baraghashia alinipa pole, akaondoka dakika tano baada ya utingo. Asubuhi nikaulizia fuso lililokufa njia ya Kasulu. Hakuna aliyeliona.

#5 mtoto_wa_katonga

Mzee wa baraghashia 💀💀 uliliwa na watu wawili ukadhani unacheza na mmoja.

#6 fundi_chaki

Pole mkuu. Nimetengeneza meza hizi miaka mingi, kubadilisha kitambaa na mpira wa kingo, kwa hiyo ngoja niseme kitu kuhusu hiyo nyeupe.

Meza nyingi za sarafu za zamani zinatumia nyeupe kubwa kuliko mipira mingine. Ya rangi ina kipenyo cha milimita 57 na kidogo, hiyo nyeupe inakaribia 60. Sababu ni kwamba ikidumbukia, meza iitambue kwa ukubwa na kuirudisha nje, wakati mipira mingine inabaki tumboni mpaka utie sarafu nyingine. Meza nyingine zinatumia sumaku, ila hizo huku kwetu ni chache. Ubaya wa nyeupe kubwa ni uzito. Ikigonga mpira mwepesi kuliko yenyewe inaendelea kusonga mbele, haitaki kurudi. Ili uirudishe inabidi uipige chini kabisa, fimbo imelala, mkono umenyooka na mwendo haukatiki. Chaki ikikosekana kidogo tu fimbo inateleza. Hicho kitu hakifanyiki kwa bahati, na hakifanyiki na mlevi.

Sasa swali langu kwako: zile gemu tatu za mwanzo alipoteza vipi?

#7 dagaa_mkavu

Fundi, swali lako limenikosesha usingizi hata kabla hujaliuliza.

Ya kwanza alifika mpaka kwenye nyeusi, akaifunga, nyeupe ikafuata shimoni. Ya pili alifika kwenye nyeusi, akaikosa, ikabaki mdomoni mwa shimo. Ya tatu nyeusi iliingia na nyeupe ikaingia shimo la upande wa pili.

#8 fundi_chaki

Umejijibu. Mtu asiyejua pool anafungwa akiwa na mipira minne, mitano mezani. Huyu mara tatu anafika kwenye nyeusi, mara tatu anakosa kwa unywele. Kufunga nyeusi ukaipeleka na nyeupe shimoni kwa makusudi ni kazi ngumu kuliko kufunga nyeusi peke yake.

Watu wanakosea sana hapa, wanamchunguza mgeni anapofunga. Kufunga kila mtu anaweza kubahatisha. Mchunguze anapokosa. Mchezaji mbovu akikosa, mpira unaenda hovyo na nyeupe inaenda hovyo, anakuachia meza wazi. Mzugaji akikosa, mpira wake unakwenda kulala mdomoni mwa shimo, hapohapo unakuzibia wewe lile shimo na kumngojea yeye, na nyeupe inaganda kwenye ukingo ambako huwezi kuinamia vizuri. Anakosa, halafu wewe ndiye unayebaki na shida. Ukiona mtu anakosa mara tano na mara zote tano wewe huna pa kupiga, acha fimbo, kanywe maji.

Na macho. Mpira ukishagongwa, mgeni wa pool anautazama mpira wa rangi kama unaingia. Mzoefu haangalii huko. Anaangalia nyeupe inasimama wapi. Kuzuga mkono ni rahisi, macho yanasahau.

#9 Mama Kaunta

Ninyi mnasema mambo ya mezani, mimi nimeuza kaunta miaka sita Kasulu na hapa mjini, ninawaona kabla hawajashika fimbo.

Kwanza chupa. Mlevi wa kweli chupa yake inapungua. Huyu anatembea na bia moja saa nzima, ukiishika ni ya moto kama chai. Wenzake anawanunulia, yeye hanywi. Pili anavyolipa. Mlevi analipa mwisho na tunagombana bili. Huyu analipa kila chupa palepale na chenji anachukua, kwa sababu hajui ataondoka kwa mlango au kwa dirisha. Tatu maswali. Anafika saa kumi jioni, mimi napanga kreti, ananiuliza wavuvi wanashuka lini, nani pale anacheza vizuri, yule kijana anafanya kazi gani. Utingo wa gari bovu ataniuliza chakula na gesti ya bei rahisi, mambo ya wavuvi yanamhusu nini?

Nne mikono. Grisi ya ovaroli bila grisi kwenye kucha ni grisi ya kujipaka. Halafu kati ya dole gumba na kidole cha shahada, mkono wa kushoto, angalia kama kuna ubluu wa chaki umeingia kwenye ngozi. Ule hautoki kwa sabuni ya siku moja.

Na wewe mleta uzi nina swali. Umesema gemu ya nne alikufunga "kwa bahati". Ilikuwaje? Maana hiyo umeiruka haraka sana mdogo wangu.

#10 Mwisho wa Reli

Mama Kaunta kaona kitu hapo 👀

Mimi nitetee upande wa pili kidogo. Kucheza vizuri siyo wizi. Hakukuwekea kisu, hela uliitoa mwenyewe. Hata duniani wakubwa wamefanya. Efren Reyes wa Ufilipino, ambaye wengi wanamhesabu ndiye fundi kuliko wote, mwaka 1985 alikwenda Houston, Texas, akaingia mashindano kwa jina la Cesar Morales. Jina lake lilikuwa limeshaanza kusikika, lakini sura hawaijui. Akashinda. Mbona yeye anaitwa gwiji?

Na Marekani hawa jamaa walikuwa mpaka na mkutano wao. Johnston City, kamji kadogo ka Illinois, kuanzia 1961 walaji wa hela za pool wa nchi nzima walikuwa wanakutana kila mwaka, mchana mashindano, usiku madau, hadi maofisa wa serikali kuu walipovamia mwaka 1972.

#11 fundi_chaki

Reyes alificha jina, mkono hakuuficha. Aliingia kwenye mashindano akafunga mipira mbele ya kila mtu. Siyo sawa na mtu anayejitia kutetemeka.

Kama unataka wa kufanana na utingo wetu, ni yule Mmarekani Titanic Thompson, aliyekufa 1974. Kwenye gofu anakufunga kwa mkono wa kulia, ukiuma vidole anakwambia, "Basi turudie, dau mara mbili, mimi nitapiga kwa kushoto." Unaruka kwa furaha. Kumbe alizaliwa mashoto. Ile "nakupa mipira miwili" ya kwenye gemu ya laki ni ukoo uleule. Akikupa upendeleo mkubwa baada ya kukufunga, jua ameshakupima. Gemu hawa wanaishinda kwenye mazungumzo, kabla ya kupasua, yaani kabla ya pigo la kwanza. Kinachofuata mezani ni kukusanya tu.

#12 Asali Mbichi

Tabora hapa. Kwetu kalenda yao siyo mwezi, ni tumbaku. Malipo yakitoka Urambo na Kaliua ndiyo utawaona wageni mezani, "fundi simu", "dereva wa trekta", "nimekuja msibani". Na mtindo wa kwetu ni mwingine: wanakuja wawili hawajuani, wanacheza WENYEWE kwa WENYEWE. Mmoja anashinda shinda, nyie watazamaji mnaanza kuwekeana dau pembeni juu ya yule anayeshinda. Dau likishanona yule anayeshinda anapoteza. Hela ya mezani ni elfu tano, ya pembeni imefika laki tatu, na mwenye kushika ya pembeni ni mwenzao wa tatu.

Huo huwezi kuujua kwa kuangalia mkono. Dawa yake ni kutobeti mechi ya wageni wawili, basi.

#13 mwanasheria_uchwara

Kabla hamjamshauri mtu aende polisi: kamari bila leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ni kosa kwa sheria ya mwaka 2003. Ukienda kituoni kusema "nimeliwa laki mezani" unajieleza wewe kwanza.

#14 mtoto_wa_katonga

Mimi dawa yangu nyepesi. Mgeni akitaka dau namwambia tucheze ya soda. Wa kweli atacheza soda usiku kucha, si alisema amechoka anapoteza muda? Mzugaji ataangalia saa.

Ila mleta uzi jibu swali la Mama.

#15 dagaa_mkavu

Sawa.

Gemu ya nne nilikuwa nimebakiza mpira namba tisa tu na nyeusi. Tisa ilikuwa mdomoni mwa shimo la kati, mtoto angeifunga. Nikaikosa makusudi. Alishasema mara mbili anaona usingizi, nikaogopa ataondoka na hela yake. Nilitaka aonje ushindi akae, nimpandishe dau. Kwa hiyo ndiyo, na mimi nilikuwa nazuga. Nilijiona mjanja mpaka nikamkonyeza rafiki yangu aliyekuwa pembeni.

Hii sikuiandika kwenye #1 kwa sababu mngenicheka badala ya kunipa pole.

#16 Mwisho wa Reli

😂😂😂 Mzugaji kazugwa. Narudisha ile pole yangu.

#17 Mama Kaunta

Niliijua. Aliyekosa vibaya siku ile ni wewe, na yule alikuwa anaangalia nyeupe yako.

#18 dagaa_mkavu

Mama, mbaya zaidi ni kwamba hilo nimelisikia kutoka mdomoni mwake.

Mwezi jana nilisindikiza mzigo Tabora. Treni ikifika pale mnajua, wanakata mabehewa, wanaunga, unaweza kula, ukalala, ukaamka, bado uko Tabora. Nikatoka nje kutafuta chai. Mtaa wa pili kutoka stesheni kuna meza chini ya mwembe, taa ya umeme imening'inizwa kwenye tawi. Nikasimama kuangalia, si ndiyo ugonjwa wetu.

Mchezaji mmoja alikuwa kijana wa bodaboda, kizibao bado mwilini. Mwingine kavaa kaunda suti imepauka, kalamu mbili mfukoni, anajiita mwalimu mstaafu anayefuatilia mafao. Kakosa. Mpira ukalala mdomoni mwa shimo, nyeupe ikaganda ukingoni. Kakosa tena, vilevile. Nikamwangalia mkono wa kushoto.

Naye akaniona. Hakushtuka hata kidogo. Akamwomba yule kijana dakika moja, akaja kwenye benchi la mama chai, akaagiza chai mbili na chapati, akalipa palepale. Mama Kaunta, chenji alichukua.

Nikamuuliza mbona ulinifanyia vile. Akasema taratibu kabisa, kama mwalimu kweli: "Mdogo wangu, ile siku nilikuwa naondoka. Mzee wangu alishaniashiria pale hapana hela ya maana. Gemu ya nne ukakosa tisa. Tisa ile! Mtu hakosi mpira kama ule bila sababu, nikasema kumbe huyu anayo, na anataka ya kwangu. Ungeifunga ningekuachia elfu zako kumi na moja nikalale."

Sikuwa na la kusema. Chapati yenyewe ilikuwa ya moto, nikaikunja nikala.

Akainuka, akafuta mikono kwenye suruali. Kabla hajarudi mezani akaniinamia: "Mzee wangu anaumwa mgongo, leo niko peke yangu. Kama treni yenu bado, kaa pale pembeni. Kijana akifunga, msifu."

#19 fundi_chaki

Yaani alikupa kazi ya baraghashia 😳

#20 mtoto_wa_katonga

Ukakaa???

#21 dagaa_mkavu

Treni ilikuwa bado.

#22 Asali Mbichi

Mkuu hiyo siyo jibu. Yule dogo wa boda anaweza kuwa ndugu yangu, ujue.

#23 dagaa_mkavu

Nilikaa. Gemu mbili. Sikumsifu, nilinyamaza tu, lakini sikumwonya pia. Ya pili iliisha, dogo kashinda, akacheka sana, akaweka elfu ishirini kwenye ukingo wa meza na boksi la chaki juu yake. Akasema kwa sauti watu wote wasikie, "Mwalimu, leo mafao yako nayalipa mimi."

#24 Mama Kaunta

Halafu?

#25 dagaa_mkavu

Halafu honi ya treni ikalia Mama, nikakimbia.

#26 Asali Mbichi

Honi ya saa ngapi?